Mashine ya Kusema Iliyonunuliwa kwa Bei Nafuu

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka ni ya watu wakiamia ndege, wakiwafukuza mashambani. Mpunga wa bonde letu, kuelekea Mofu, ulipoanza kujaa maziwa, kila familia ilipanda kwenye dungu lake, kichanja kirefu cha miti, ikapiga kelele tangu alfajiri hadi jua kuzama. Kelele zilipokezana kutoka dungu hadi dungu mpaka zikayeyuka kwenye ukungu wa mto, kama mtu anayeita usingizini. Baada ya vita vya Maji Maji zilikatika. Baba na kaka yangu walikwenda wasirudi, na wanaume wa majirani vivyo hivyo. Mama aliamia upande mmoja wa shamba, mimi, binti wa miaka minane, upande wa pili, na katikati dungu la baba lilisimama tupu. Ndege walijua. Walishuka hapo hapo katikati. Nasi tulikuwa ndio kwanza tumetoka kwenye njaa ya kula mizizi ya porini. Mpunga ule ukiisha, tungeirudia mizizi.

Ndipo mama aliposikia kwamba Athumani, aliyekuwa mpishi wa Mdachi, Mjerumani mmoja aliyerudi kwao, anauza mashine inayosema kwa sauti ya mwanamume. Siku hizi najua ile ni gramafoni. Mama alitaka kuipandisha kwenye dungu la baba. Aliuza mtumbwi wa baba, akapata rupia mbili, tukaenda Ifakara.

Barazani kwake, Athumani aliweka bamba jeusi la mviringo, akazungusha mpini, na mwanamume akaimba kutoka kwenye tarumbeta kubwa ya bati. Wimbo ulikuwa wa Kizungu, mzito na wa polepole, nikahisi baraza lote linaelea. Mama hakuondoa macho kwenye mdomo wa tarumbeta.

"Rupia tatu, shangazi, pamoja na mabamba yake."

"Ninazo mbili. Hivyo vifuniko vyako baki navyo."

"Bila hivi haisemi."

"Na muuza kambale juzi aliniambia bila dagaa wake mchuzi hauivi. Ninyi wauzaji mmezaliwa na mama mmoja!"

Athumani alicheka hadi akashika mbavu. "Haya, chukua. Lakini mimi nimesema, shangazi. Usije ukanilaani."

Mimi nilikuwa nimeona. Niliona sauti ikianza pale sindano ya mashine ilipogusa bamba. Sikusema neno. Niliogopa kwamba mama akijua rupia mbili hazitoshi, tutarudi mikono mitupu. Njia nzima alitembea na mashine isiyo na mabamba kichwani, akinieleza jinsi alivyomshinda Athumani kwa maneno, na mimi nikaitikia.

Asubuhi yake aliipandisha kwenye dungu la baba, akazungusha mpini. Ikatoa mkwaruzo mdogo, basi. Akazungusha tena. Ndege mmoja alitua kwenye ukingo wa tarumbeta, akajipangusa mdomo. Mama alikaa hapo hadi umande ukakauka miguuni mwake. Kisha akaing'oa tarumbeta, akaiweka mdomoni, akapiga kelele ya baba, ile ile, ndefu yenye kukatika mwishoni. Bati liliifanya sauti yake iwe nene. Ndege waliinuka wote kwa pamoja kama nguo iliyopeperushwa.

Bibi wa shamba la pili alikuja mbio akipasua mpunga, hana hata kitambaa kichwani. "Wamerudi?"

Mama alishusha tarumbeta. "Hapana, mama. Ni mimi."

Bibi alisimama pale, akatazama dungu, akatazama mto. Kisha akasema, "Piga tena."

Tulivuna nusu ya shamba, na nusu ile ilitufikisha msimu uliofuata. Mama alikufa bila mimi kumwambia nilichokiona barazani.

Sasa mimi ni bibi. Wajukuu hunipeleka Ifakara kununua redio, nao hukasirika kwa sababu siombi kupunguziwa bei. Nalipa yote, nauliza mara mbili kama kuna kilichobaki, ndipo naondoka. Msimu wa ndege ukifika mimi hukaa ukingoni mwa shamba lao, redio imezimwa. Kelele ni nyingi, za wanaume, za wake zao, za watoto wanaotaniana, hata siwezi kutofautisha nani ni nani. Zamani ningeweza kukutajia kila mwenye sauti, maana tulikuwa wachache kiasi hicho.