Ndege Walizoagiza Dubai

Kuhusu ndege kubwa, Agatha alijua mengi kuliko fundi cherehani mwenzake yeyote wa soko la Kilosa, wala hakuyajua kwa kupenda. Mumewe, Timotheo, alikuwa fundi wa ndege. Walipooana alikuwa akitengeneza vindege vya watalii kwenye uwanja wa Mikumi, na jioni alirudi nyumbani ananuka mafuta, akala ugali na mlenda kama mtu mwingine yeyote. Kisha shirika moja la ndege la Uarabuni likamwita. Alimwambia mkewe ni mkataba wa miaka miwili tu, aongeze ujuzi, arudi.

Mwaka wa pili ulipokuwa unakwisha, yakaja maonyesho ya ndege ya Dubai. Shirika lake likaagiza ndege pana kwa makumi, zile zenye njia mbili za kupita katikati ya viti. Timotheo alipiga simu, furaha imemjaa sautini. Mafundi watafundishwa ndege mpya, alisema, na atakayefundishwa lazima abaki. Agatha alimpongeza. Aliporudi kwenye cherehani alishona mkono wa gauni upande usio wake, ikabidi aufumue.

Ndege zilichelewa. Injini hazikuwa tayari, kiwanda kikasogeza tarehe, kikasogeza tena. Timotheo alikuja likizo, akaondoka, akaja, akaondoka. Agatha akaihama nyumba ya Mikumi, maana ilikuwa kimya mno, akapanga chumba Kilosa. Mara mojamoja alikwenda Berega kumsalimu mama mkwe wake, Bibi Monica. Mama huyo hakuwahi kumsimanga kwa kukosa mtoto. Siku moja tu, wakichambua maharage, alisema taratibu kwa Kikaguru kwamba Timotheo alipokuwa mchanga alikuwa mgumu kulala, na kwamba angependa kubembeleza mwingine kabla mikono haijachoka. Agatha aliinamia ungo mpaka macho yalipokauka.

Maonyesho yalipofika tena, Agatha alikuwa na miaka thelathini na minane. Aliwaona kwenye simu wakubwa wa shirika wakipeana mikono. Walikuwa wameongeza oda. Jioni Timotheo akapiga. Alisema wanamtaka asaini tena, na kwamba ndege hizo zitaanza kuletwa baada ya miaka sita. Akamuuliza anaonaje.

Zamani angejibu kwamba Mungu amsaidie. Safari hii alisema, "Timo, shirika linaweza kungoja ndege miaka sita. Mwili wangu haungoji. Nataka mtoto, na nakutaka wewe. Sikukwambia siku zote hizi kwa sababu nilidhani unajua."

"Nilikuwa sijui," alisema Timotheo. "Nilidhani umezoea."

"Kukungoja nimezoea. Kukukosa sijazoea."

Timotheo hakusaini. Mkataba ulipokwisha alirudi, akashuka kwenye treni ya umeme pale Kilosa na begi moja, na Agatha, aliyekuwa amepanga maneno mengi ya kumpokea, akajikuta anamuuliza tu kama amekula. Timotheo alipata kazi kulekule Mikumi, kwenye vindege vya watalii, wakahamia tena nyumba yao ya zamani.

Mtoto bado hajaja. Wanakwenda pamoja hospitali ya Berega, na daktari hajawakatisha tamaa. Agatha anashukuru kila jioni anaposikia mlango ukifunguliwa. Lakini lipo jambo aliloligundua kwa mumewe, nalo linamuuma. Ndege ya mbali ikipita juu, Timotheo huacha kula, akasikiliza ule mngurumo mpaka uishe. Halalamiki. Ila Agatha anaijua sura ya mtu anayetamani kilicho mbali. Aliivaa mwenyewe miaka mingi.

Juzi, badala ya kujifanya hakuona, alimwongezea mboga na kumwambia, "Hebu nieleze injini ya zile ndege mpya inavyofungwa."

Timotheo alimtazama kuhakikisha hatanii. Kisha akasogeza sahani, akaanza kuchora kwa kidole juu ya meza, na Agatha akasikiliza, ingawa mengi hakuyaelewa.