Siku Dada Alipovua Sweta

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, nakiona kile chumba cha fundi pale Lukozi, ukungu umejaa mlangoni.

Mama alimpeleka dada yangu akapimwe gauni la kipaimara, na mimi nikawafuata. Huku kwetu milimani baridi ni kali, na kwa miezi dada alikuwa akishinda na masweta mawili. Fundi, mwanamke mmoja mcheshi, akamwambia avue. Dada akagoma. Mama akamkazia macho, ndipo akavua.

Ucheshi wa fundi uliishia hapo. Alizungusha futi kiunoni, akaisoma, kisha akapima upya kana kwamba imemdanganya. Mbavu za dada zilionekana wazi chini ya blauzi.

"Mwanangu, unaumwa?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siumwi, mama." Dada alikuwa anajitazama kwenye kioo cha ukutani, akiminya ngozi ya tumbo. "Ila hapa niongezee upana. Huoni nilivyonenepa?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni ili nicheke naye, nikakuta machozi yanamlenga. Woga ukanishika, maana tulikuwa tunatazama kioo kimoja, na mtu ambaye yeye alimwona humo, mimi sikumwona.

Mama alimvika masweta yote, akamfunika na khanga yake, akasimamisha bodaboda itupeleke hospitali Lushoto. Nilikaa nyuma ya dada, mama nyuma yangu. Kwenye kila kona nilimkumbatia kwa nguvu, halafu nikalegeza mikono haraka, nikiogopa nitamvunja.