Bushi Zilizochomwa Gesima

Ko. Si kelele kubwa. Ni kama mtu amebisha mlango mara moja kisha akabadili nia. Nikiisikia ikitoka chini ya gari lolote, hata la mgeni ninayemsindikiza hadi langoni, shingo yangu hugeuka yenyewe kutafuta ni upande gani, na mume wangu husema nimerithi maradhi ya baba. Sibishi. Lakini maradhi hayo nilianza kuugua nikiwa na miaka kumi, mwaka ambao sauti hiyo nusura impotezee nyanya yangu mguu.

Nianze na mguu wenyewe. Nyanya, mamake mama, aliishi Gesima, katikati ya mashamba ya majani chai, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku moja alikanyaga jembe, akapata kidonda kwenye unyayo, na kidonda kikakataa kupona. Daktari wa Kisii mjini akasema kisafishwe mara mbili kwa wiki bila kukosa, la sivyo mguu ungekatwa chini ya goti. Aliyasema hayo mbele yangu. Watu wazima hudhani mtoto anayekula ndizi hana masikio. Mimi nilimpenda nyanya kupita kiasi, na tangu siku hiyo nikawa naangalia magoti yake kila alipoketi.

Basi kila Jumanne na Ijumaa mama aliomba ruhusa kwenye duka la vitambaa alikofanya kazi, akaenda Gesima kumchukua. Gari lilikuwa la mjomba, kubwa, lililoinuka juu, la kupanda milima, alilotuachia alipohamia pwani. Shule zilipofungwa nikawa naenda nao, kazi yangu ikiwa kumshikia nyanya mguu usigonge kiti cha mbele.

Baba alikuwa fundi wa magari pale Masimba. Utasema basi tulikuwa na bahati, fundi nyumbani na gari uani. Lakini baba alikuwa mkwe. Kwetu Wagusii mkwe na mama mkwe huwekeana ile heshima tunayoiita chinsoni: hawashikani mikono, hawaketi karibu karibu, na wakiwa na la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Nyanya alipopita, baba aligeukia ukuta kana kwamba ukuta umemwita. Kupanda naye gari moja lilikuwa jambo asiloweza hata kuliwaza, na ndiyo maana mama ndiye aliyeendesha.

Kelele ilianza mwezi wa pili wa safari hizo. Kutoka kwa nyanya hadi kwenye lami kulikuwa na mteremko wa mashimo na mawe, na humo gari likawa linagonga. Ko. Kimya. Ko. Nyanya alisikiliza wiki moja, wiki ya pili akasema lake.

"Hiyo gari inanipigia misumari," alimwambia mama. "Inatengeneza sanduku, na mimi najua ni ya nani."

Ijumaa iliyofuata alikataa kupanda. Jumanne akakataa tena. Mama alibembeleza, akatisha, mwisho akaketi juu ya kinu akalia, na nyanya akatazama majani chai yake kama mtu asiyehusika.

Baba alichukua gari siku hiyo hiyo. Aliupanda na kuushuka ule mteremko mara tano na hakusikia kitu. Akalitia magunia ya mawe nyuma, akashuka tena, kimya. Akarudi Masimba, akaliinua kwa jeki, akatikisa magurudumu, akaangalia shoki za kuzuia mtikisiko, zote nzima. Alikuwa mtu mwenye subira na vyuma, lakini safari hii niliona akiitupa spana chini.

"Kemunto," akaniita. "Wewe ndiye hukaa ndani. Hebu nionyeshe vile mama yako huendesha hapo."

Nikaketi juu ya tairi kuukuu, nikashika usukani wa hewani. Nikamweleza: kabla ya kila shimo mama hukanyaga breki, anaingia polepole, anaachilia, halafu anakanyaga tena kabla ya lingine, nyanya asiumie. Baba yeye alikuwa akiteremka kama mafundi wote, mguu mwepesi, bila kusumbua breki. Tukarudi Gesima wawili, na kwenye mteremko akaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Ko, gari likasema. Akaachilia breki. Ko.

Akacheka peke yake. "Huruma ya mama yako ndiyo inagonga," akasema.

Ilikuwa bushi. Ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini umefungwa kwenye gari kwa bushi, vipande vya mpira mnene ndani ya chuma, ili vyuma visigongane. Mpira ukichakaa, mkono hupata nafasi ya kucheza: ukishika breki unarudi nyuma, ukiachilia unakwenda mbele. Baba alitia mtaimbo hapo akabinya, na mpira ukapanua mdomo kama wa samaki. Alinionyesha pande zote mbili. Nilijiona fundi mkubwa.

Kisha alifungua mlango wa nyuma kutoa yale magunia ya mawe, akasimama. Akatoa zulia la miguuni ambapo nyanya huweka mguu wake, akaliosha kwa sabuni mara mbili, akalianika juani. Jioni alimwambia mama kwamba kazi ya bushi ataifanyia Gesima, uani kwa nyanya.

"Gesima? Na presi iko hapa Masimba?" mama akauliza. Presi ndiyo mashine ya kusukuma bushi kuukuu zitoke, na baba alikuwa nayo, alijivunia kuliko redio yake.

"Imeharibika," baba akasema.

Asubuhi tukaenda. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni, uso ameuelekeza kwingine kama ilivyo adabu, mguu wake umefungwa leso mbili ingawa jua lilikuwa kali. Baba alifungua ile mikono ya chuma, akawasha moto wa kuni, akamwagia oili chafu, akaitupa mikono ndani mpira uungue. Moshi ukainuka mweusi, mzito, wa kukwaruza koo. Kuku wote wakahamia kwa jirani. Na gari lilikuwa limesimama pale pale moshi unakoelekea, milango yote minne wazi.

"Funga milango, baba Kemunto! Gari litanuka!" mama akapaza sauti.

Baba hakusikia. Alichokora makaa mpaka mpira ukaisha na vyuma vikaanguka, akaipoza mikono, akapaka bushi mpya maji ya sabuni na kuzigonga mahali pake kwa nyundo na kipande cha bomba. Akaliteremsha gari chini, akaniketisha mimi na mama ndani, ndipo akalala chini kukaza nati za mwisho. Bushi ikikazwa gurudumu likining'inia, alisema, itajisokota na kupasuka kabla ya mwaka.

Alipotoka huko chini alisema, kwa sauti, na baba hakuwa mtu wa sauti: "Hii harufu ya mpira itakaa kwa gari hata mwezi mzima. Hata mkibeba samaki humo hakuna mtu atajua. Mnisamehe."

Nyanya akaomba fimbo yake, akainuka, akapanda gari.

Mteremko mzima halikugonga. Mjini daktari aligomba, akakata nyama iliyokufa, akasema wiki nyingine moja na tungekuwa tunaongea habari ya msumeno.

Hapo ndipo ningemaliza kama ningekuwa mtoto mwenye akili. Lakini Jumatatu nilimpelekea baba chai gereji, nikamkuta akisukuma bushi za gari la mtu mwingine kwa presi ile ile, nzima kabisa, inateleza kama imepakwa siagi. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Kanisani tulikuwa tumefundishwa kwamba mwongo na mwizi hula sahani moja, na huyu alikuwa baba yangu. Ijumaa, nyuma ya gari lililonuka tairi, nikamnong'onezea nyanya.

"Nyanya, baba alidanganya. Presi yake haijaharibika. Hakuwa na haja ya kuchoma kitu hapa kwako."

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Nyanya aliutazama mguu wake kwenye mapaja yangu, na hakufungua kinywa tena hadi mjini. Nilidhani amemkasirikia baba kama mimi, nikafurahi kupata mwenzangu.

Jumatatu alipiga simu. Mama alikuwa amekosa ruhusa wiki ile na alikuwa akitafuta dereva wa kukodi. "Usitafute mtu," nyanya akasema. "Ambia baba Kemunto alete gari." Mama alimuuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Baba alikuja amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani. Nyanya aliketi nyuma, mimi mbele, na kutoka Gesima hadi Kisii hakuna aliyesema neno. Baba alishika breki kabla ya kila shimo. Alimpeleka hivyo mpaka kidonda kikafunga. Nyanya alipoteza vidole viwili, akaishi miaka mingine tisa kwa miguu yake miwili.

Mwaka jana mama alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akaja kuuguzwa kwangu Nyamira. Adhuhuri moja nilikuwa nikimbadilishia bandeji tukasikia gari la mume wangu likiingia. Mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Fungua dirisha kwanza," akasema. "Asiingie bado. Nanuka."

Nilifungua dirisha, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikaona aibu ya miaka yote hiyo ikinipanda usoni. Nyanya hakuwahi kuogopa misumari. Kidonda chake kilikuwa kinanuka, harufu niliyoizoea mimi niliyeushika mguu, na gari lilirudi nayo nyumbani kwa mkwewe. Kelele ilikuwa sababu aliyoweza kuitaja mbele ya watu. Baba alitengeneza kelele, halafu akachoma mpira ili mama mkwe wake apande bila kuinamisha kichwa. Nami nikaenda kumwambia nyanya, bila kujua, kwamba baba alijua. Angeweza kukataa tena kutoka nyumbani, na mguu ungekwenda. Alikaa na maneno yangu siku tatu, kisha akaagiza gari, na akataka baba ndiye aliendeshe.