Neno "Mkono" Katika Mashua ya Mchele

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata ninapokupakata na wewe unacheka. Watu wa hapa Usevya huniambia mimi bado ni kijana, nasaha niwaachie wazee. Sawa. Lakini Ziwa Tanganyika halikuniuliza umri.

Nilikuwa kibarua katika mashua ya tanga iliyovusha mchele kutoka Karema kwenda upande wa Kongo. Tulilala juu ya magunia, tukapika ugali kwenye jiko lililokaa ndani ya sanduku la mchanga, na wakati wote mtu mmoja alikuwa chini na ndoo akifua maji, akiyachota na kuyamwaga ziwani, maana mashua ya mbao haikosi kuvuja. Ukichoka unaita "Mkono!" na mwenzako anashuka kukupokea. Hakuna aliyeona haya kuita, isipokuwa mimi. Nilitaka zamu yangu isiwe na doa. Sadoki, mpishi wetu, mzaliwa wa Mishamo, alikuwa akinitania: "Dogo, unafua kama vile ziwa litakupa cheti."

Asubuhi ya siku hiyo ninayoikumbuka, nikiwa chini kwenye zamu yangu, upepo ulikaza. Maji yalinifika vifundoni, halafu magotini, nami nachota tu. Nahodha wetu, Mzee Pius, akauliza kutoka juu kama nahitaji mtu.

"Niko sawa, mzee."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ile, mwanangu, niliyeficha ni mimi, lakini kifo kilimwendea mwingine.

Magunia ya chini yalilowa, mashua ikawa nzito, ikashindwa kupanda mawimbi. Mzee Pius akaamuru mchele utupwe. Sadoki alikuwa ukingoni amekumbatia gunia wimbi lilipotupiga ubavuni. Likamchukua na gunia lake. Tulishusha tanga, tukamwita mpaka sauti zikakauka. Hatukumwona tena.

Baadaye tulishuka watatu pamoja kufua maji, na maji yakaisha upesi mno. Hilo ndilo linaloniuma. Mzee Pius hakunigombeza. Alishika usukani, akasema bila kunitazama, "Kazi haikukushinda, mjukuu wangu. Mdomo ndio uliokushinda."

Akaniagiza mimi nipeleke habari Mishamo. Mama yake Sadoki aliuliza jambo moja tu, kama mwanawe aliita. Nikamwambia hakuwahi, na kwamba aliyepaswa kuita ni mimi. Aliinamia ungo wake, akaendelea kupeta maharage.

Basi sikia, mwanangu. Mzigo ukikulemea, sema mapema, wakati bado kuna mtu wa kukusikia. Ukiulizwa kama unaweza, jibu hali yako ilivyo, usijibu sifa unayoitamani, kwa sababu ukimya wako unaweza kulipwa na mwingine. Mimi mwenyewe neno hili, "Mkono", bado linanipa taabu kulitamka. Mama yako ni shahidi.

Mungu akukuze. Akuzungushie watu wenye masikio, na siku utakapoelemewa, akupe sauti.