Tunachukulia Kwamba Mlezi Yuko Nyumbani

Katika mikutano ya walezi pale ukumbi wa kanisa, Wamagana, mwanamume nilikuwa mimi peke yangu. Wengine wote walikuwa mashosho, mabibi wanaolea wajukuu. Siku ya kwanza, shosho mmoja aliyekaa mwisho wa benchi alinitazama kutoka viatu hadi kofia.

"Kijana, umekuja kuchukua shosho yako?"

"Hapana, shosho. Mimi ni mlezi."

"Mlezi wa nani, na wewe bado unalelewa?"

"Wa dada zangu wawili. Wazazi hawako."

Akasogea nipate nafasi. "Kaa basi, baba watoto." Tangu siku hiyo hakuniita kitu kingine.

Baba alitangulia. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Hakuna aliyeniambia niache shule. Jumatatu moja sikwenda kwa sababu mdogo wetu alikuwa na homa, Jumanne nikachuma chai ya jirani, na wiki ilipokwisha nilikuwa nimeacha. Sasa dada anayenifuata yuko kidato cha tatu na mdogo yuko gredi ya tano. Karo yao inalipwa na mradi wa mayatima wanaoishi na jamaa zao, na ndio uliotuita ukumbini.

Afisa wa mradi alikuwa dada mpole kutoka Nyeri mjini. Alibandika ukutani karatasi kubwa ya manila yenye masanduku yaliyounganishwa kwa mishale. Alisema unaitwa mchoro wa mantiki, na kwamba mradi mzima umo humo. Sanduku la kwanza ni vitu tulivyo navyo, la pili ni kazi tutakazofanya, la tatu ni mazao, la mwisho ni mabadiliko tunayotaka kuona. Mishale inasomwa kwa maneno mawili tu, kama na basi. Kama karo imelipwa na mlezi amefunzwa, basi mtoto anafika shule kila siku. Kama anafika kila siku, basi anamaliza kidato cha nne. Kama amemaliza, basi atajitegemea. Mwisho wa mwaka wangerudi na mchoro huohuo, waangalie ni mshale gani umefika na ni upi umekwama.

Aliposema mazao, shosho wangu wa benchi aliinua mkono na kueleza kwamba mahindi yake yamechomwa na baridi. Afisa akamwambia kwa upole kwamba mazao ya mradi ni hesabu ya watoto waliolipiwa na walezi waliofunzwa.

"Hiyo si mazao," shosho akaninong'oneza. "Hiyo ni majina."

Mimi niliuelewa mchoro upesi, kwa sababu ya kazi yangu. Ninasaga unga kwenye kinu cha posho hapo sokoni. Nguvu inatoka kwa mota, inapita kwenye mkanda, inazungusha nyundo, nyundo zinavunja mahindi. Mkanda ukikatika, mota itanguruma mchana kutwa na hutapata hata kikombe cha unga. Kwa hiyo niliifuata ile mishale mmoja mmoja, nikitafuta mahali ambapo mkanda ungeweza kukatika. Nikapaona chini kabisa, nje ya masanduku, kwenye mstari wa herufi ndogo: Tunachukulia kwamba mlezi yuko nyumbani.

Afisa aliusoma mstari huo kwa sauti.

"Mnachukua mlezi?" shosho akauliza. "Mnampeleka wapi?"

"Kama ni Mombasa, niandike wa kwanza," akasema mwingine kutoka nyuma. "Wajukuu watakula kwa jirani."

Ukumbi ulicheka. Afisa naye alicheka mpaka akajifuta macho, ndipo akaeleza. Kuchukulia si kuchukua. Ni kukubali kwamba jambo liko hivyo bila kulichunguza. "Yaani hatuulizi. Tunaamini tu kwamba uko."

Sikucheka vizuri, maana wiki hiyohiyo kulikuwa na mtu aliyetaka kunichukua kwelikweli.

Alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga kule Wang'uru, Mwea. Alikuja kutengeneza kinu chetu, akakuta nimeshafungua kifuniko, nimetoa wavu wa kuchujia unga, na nimeona beringi iliyokufa. Aliniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia hapa, kwa macho. Kabla ya kuondoka alisema angenichukua mwaka mmoja, nilale kwake, nijifunze mashine nzima, na baada ya hapo nisimame mwenyewe. Alitaka jibu kabla ya mpunga kuanza kuvunwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka kuwa nani.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata afisa. Nilimuuliza, kama mlezi amepata kazi ya kulala mbali, mradi unasemaje.

"Lazima kuwe na mtu mzima mwingine nyumbani."

"Na kama hakuna?"

Alikunja manila yake polepole. "Basi watoto wanatoka kwenye mradi huu. Faili yao inapelekwa kwa wanaosimamia makao ya watoto."

Nilimpigia shangazi yetu aliye Kiriaini. Alisema anaweza kumchukua mdogo peke yake, mkubwa hana pa kumlaza. Nikamshukuru, na sikuwaambia wasichana kwamba nilipiga.

Ila yule wa kidato cha tatu ana masikio. Jioni moja, tukimenya viazi, alisema bila kuniangalia, "Enda Mwea. Wakikuja kuuliza, nitasema uko kazini. Wakirudi, uko shambani. Wakirudi tena, uko kwa choo."

"Mwaka mzima niko kwa choo?"

"Utakuwa na tumbo mbaya."

Tulicheka, lakini hakuwa akitania. Alikuwa ameshapanga nani atamwandaa mdogo asubuhi, na siku zipi angechelewa kwenda shule. Nilimsikiliza akizihesabu siku hizo kwa vidole, na kwa mara ya kwanza niliogopa. Uongo wenyewe sikuuogopa sana. Niliogopa Jumatatu yake moja, halafu Jumanne.

Afisa alikuja nyumbani Jumamosi, na fomu ya tathmini. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri akauliza maswali mengi: viatu, vitabu, chakula, siku za kukosa shule. Kisha akauliza, "Mlezi hulala nyumbani siku ngapi kwa wiki?"

"Saba," dada yangu akajibu haraka, akanikazia macho.

Mwishoni palikuwa na nafasi ya maoni. Nikamwomba afisa aandike kwamba mlezi naye anataka kujifunza kazi. Nilimwambia kwamba kwenye ule mchoro kila mtu anasogea kutoka sanduku moja hadi jingine, isipokuwa mlezi. Aliacha kuandika, akanitazama.

"Ni kweli," akasema. "Lakini mchoro ulishapitishwa. Utachorwa upya mradi huu ukiisha."

"Utaisha lini?"

"Mdogo wenu akimaliza gredi ya nane, hivi."

Aliyaandika maneno yangu hata hivyo, yote, kwa mwandiko mzuri. Tulimsindikiza hadi langoni, akashuka na barabara akikwepa matope.

Nilimpigia fundi papo hapo, nikiwa nimesimama kando ya uzio, kabla sijafikiri zaidi. Nilimwambia siwezi. Nyuma yake nilisikia mashine ikikoboa. "Si mbaya," akasema. "Nitatafuta mwingine." Akakata.

Dada yangu alikuwa amesikia yote. Nilidhani angenikasirikia, au angefurahi kidogo kwa siri, nami ningemsamehe. Alisimama mlangoni akishika mikono ya sweta yake.

"Kwa hivyo sasa mimi siwezi kufeli," akasema.

Ulikuwa mzigo ambao singeweza kumpunguzia. Alikuwa amesema kweli.

"Soma tu," nikamwambia.

Akaingia ndani. Nikasikia akivuta kiti mezani, na kurasa zikifunguliwa.