Rangi Isiyoiva

Manispaa iliponunua mabenchi mapya ya bustani, kazi ya kuyapaka rangi ilimwangukia Brashi, fundi ambaye hata mkewe humwita hivyo. Akayapaka kijani, akabandika karatasi: RANGI MBICHI, USIKAE. Upepo ukazipeperusha karatasi zote. Watu wakakaa, wakainuka na mistari ya kijani makalioni, kisha wakamtukana yeye badala ya kuutukana upepo.

"Haya, tuone sasa!" Brashi akafoka. Akayapaka upya, kisha akachukua rangi nyeupe ya mafuta, ile isiyofutika ng'o, akayaandika maneno yale yale mgongoni mwa kila benchi, kwa herufi za kupendeza.

Miezi mitatu ikapita. Watu walikuwa wakila chakula cha mchana wamesimama, kila mmoja kando ya benchi lake. Bibi mmoja mwenye magoti mabovu akamwita Brashi aliyekuwa akipita.

"Mwanangu, hivi hii rangi yako itaiva lini?"

"Ilishakauka zamani, bibi! Kaa tu!"

"Nikae vipi, na wewe mwenyewe umeandika nisikae?"

Mara akatokea mkaguzi wa manispaa. Akayazunguka mabenchi yote, akapapasa mbao, akatikisa miguu. Hakuona mkwaruzo wala msumari uliolegea. Akampa Brashi mkono.

"Hongera, fundi! Mji mzima, haya ndiyo mabenchi pekee yaliyotunzwa. Kesho nenda ukaandike na yale ya wagonjwa pale zahanati."