Nani Atashika Kikombe?

Mimi mtu akinipa kitu bure, kwanza ninakigeuza nione upande wa nyuma. Njo nilivyo. Mdogo wangu husema nilipaswa kuzaliwa afisa wa forodha. Kwa hiyo siku aliyorudi nyumbani akicheka peke yake, akaniambia kuna Papa mmoja, bwana mtu mzima, anatafuta vijana wa kupeleka Ulaya kwenye baridi, ndege inalipwa, chakula kinalipwa, hata koti linalipwa, mimi sikucheka.

"Anayelipa ni nani?" nikamuuliza.

"Ni kampuni, Yaya."

"Kampuni ya kutengeneza nini?"

"Vitu."

"Vitu gani?"

Hapo akakasirika, akatoka nje. Ananiita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, na tangu wazazi wetu walipofariki mimi ndiye niliyelipa minerval yake, ile ada ya shule, kwa kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, mpaka akapata diploma ya umeme. Na hiyo diploma ilimpa nini? Alikwenda mpaka Piana-Mwanga kuulizia kazi kwenye bwawa la umeme, akarudi na vumbi kwenye nywele. Kwa hiyo njaa yake niliielewa kabisa. Nisichokielewa ni ukarimu wa yule Papa.

Siku hizo nchi kubwa za dunia zilikuwa zinatishana. Huku Kalemie tulizipata habari zote kwenye kibanda cha kuchajia simu, karibu na gare, stesheni ya treni. Wanaume walishinda pale wakitazama makombora yakipitishwa barabarani huku watu wanapiga makofi, na meli za vita za nchi moja zikipita mbele ya pwani ya mwenzake kusudi aone. Wakagawanyika pande mbili kama mashabiki wa mpira. Jirani yetu mmoja, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Kongolo kumzika mkwewe, alikuwa anatueleza jenerali fulani anawaza nini asubuhi akiamka.

"Nyinyi muko upande gani?" niliwauliza siku moja, beseni la samaki likiwa kichwani.

Wakanitajia upande wao, kila mmoja kwa kelele.

"Aa wapi! Nyinyi muko upande wa mizigo."

Wakacheka sana. "Mama, nenda uuze ndagala zako!"

Nilikwenda, lakini nilikuwa najua ninachosema. Kule kilimani kwetu bado kuna mizinga ya vita vya kwanza vya wazungu, midomo yake imeelekea ziwani. Watoto huipanda na kupiga picha. Wakati ule wazungu wa ng'ambo hii na wazungu wa ng'ambo ile walipigania ziwa hili ambalo si lao, na babu wa baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo yao. Walimwambia ni safari fupi. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amefia wapi. Watu wake walingoja mpaka wakachoka, wakazika shina la mgomba badala yake, wakalilia.

Sheria ya nyumba yetu ilitoka hapo. Mtu wetu akisafiri mbali, anapiga magoti mbele ya Shangazi, dada wa baba. Shangazi anatia maji mdomoni, anampulizia kifuani, anamwambia aende na arudi. Sisi ni Wakristo, ndiyo, na katekista anajua, anajifanya hajaona. Lakini kama anayekuja kumchukua ni mgeni, maji hayapulizwi mpaka mama wa huyo mgeni aje ashike kikombe kwa mikono yake. Mtoto asiporudi, tunajua mlango wa kwenda kutandika mkeka wetu wa kilio. Na hapa kwetu hakuna mwanamke asiyejua kwamba ukishika kikombe kile huku unadanganya, kifo kinahamia kwako.

Yule Papa alikuja Jumapili baada ya misa, viatu vinang'aa, kibegi cha ngozi kwapani, marashi mpaka nikapiga chafya. Kwao ni hapahapa jimboni, lakini alikulia mbali. Alimletea Shangazi kitenge na sukari.

"Kule munamopeleka vijana, si njo ile nchi tunaona kwenye simu na makombora?" nikamuuliza.

"Vita viko mbali, Mama. Sisi tunaenda kwenye viwanda."

"Viko mbali na nini? Mji unaitwaje?"

"Kuna miji mingi."

"Ututajie mumoja tu."

Alicheka, akamgeukia Shangazi. Machale yalinicheza. Mtu anayejua anakokwenda hutaja jina la mji, hata akilikosea.

Shangazi hakumbishia. Alikunja kitenge, akakiweka pembeni, akamweleza habari ya kikombe pole pole. Yule Papa akaitikia upesi mno. Hakuna shida, mama yake yuko, atakuja naye Jumamosi. Niliona anavyomtazama mdogo wangu, wanatabasamu wote wawili kama wanaoridhisha bibi kizee. Alidhani ni mchezo.

Wiki ile mimi na mdogo wangu hatukusemezana vizuri. "Yaya, wewe unataka nizeeke hapa nikikuhesabia ndagala," aliniambia. Iliniuma, maana nilikuwa namtaka pale, hata akizeeka. Lakini alikuwa ameshaosha nguo zake zote, zimekunjwa kwenye begi. Na ninajua kwamba pamoja na diploma yake asingepanda hata boti ya Kigoma bila maji ya Shangazi. Kila kitu kilikuwa kwenye kile kikombe. Kikishikwa, anaenda.

Jumamosi mchana wakafika. Papa mbele, nyuma yake mama mmoja mwembamba mwenye kitenge kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Nikawapa viti, nikakaa mahali pa kuwaona wote wawili. Macho yangu hayakutulia. Papa alisema "mama yangu" mara nyingi kupita haja, kwani nani alikuwa amemuuliza? Na yule mama hakumtazama hata kidogo. Mama hutazama mwanawe akisema mbele za watu, aone kama hasemi upuuzi. Huyu alikuwa anamtazama mdogo wangu. Alimtazama mikono, mabega, shingo, akirudia tena na tena, mpaka nikaanza kumchukia. Nikajiambia anapima mzigo.

Shangazi akaomba kwa jina la Yesu. Akajaza maji kikombe cha bati, mdogo wangu akapiga magoti, ameshafungua vifungo vya shati.

"Mama mwenzangu," Shangazi akasema, "shika."

Yule mama akanyoosha mikono. Ikafika karibu na kikombe, akairudisha kwenye kitenge chake.

"Mama, shika tu," Papa akasema, sauti yake imekwisha kugeuka.

"Siwezi."

"Shika!"

"Mimi si mama yake." Alimwambia Shangazi, si sisi. "Huyu alipeleka mutoto wangu. Msimu wa mvua uliopita. Mutoto alinipigia simu, akasema, Mama, wametuvalisha nguo za askari. Nikamuuliza, askari wa nani? Simu ikakatika. Toka siku ile, kimya. Sasa Papa huyu ameniambia nikishika kikombe chenu, atanipatia namba nisikie sauti yake."

Mimi niliyejiona mjanja, nilikuwa nimemshuku kuwa mwizi, kumbe nilikuwa ninamtazama mtu aliyeibiwa. Alikuwa anatafuta mabega ya mwanawe kwenye mabega ya mdogo wangu.

"Siku mutoto wako alienda," Shangazi akamuuliza taratibu, "nani alishika kikombe?"

"Hakuna. Nilimupikia kuku. Nilifurahi sana."

Mdogo wangu alisimama, shati wazi hivyohivyo. Nilimlea kijana yule na sikuwahi kuiona sura ile. Akamsogelea Papa.

"Mutoto wa huyu mama eko muzima?"

"Sikiliza, kijana. Mambo ya kule yako na mikataba, mtandao unasumbua, kila kampuni iko na..."

"Sijauliza kampuni. Eko muzima?"

Papa akatazama simu yake kana kwamba imelia. Akasema kuna watu wanamngoja bandarini, akatoka. Hatukumzuia. Tulisikia geti likifungwa, kisha pikipiki ikiwaka.

Yule mama alibaki kitini. Akanigeukia mimi.

"Amesema nini?"

Mdomo wangu hauna breki, soko zima linajua. Siku ile mkono ulitangulia mdomo. Nilimsogelea, nikamshika bega, nikaona aibu ya mkono wangu.

"Hajasema, Mama."

"Hajasema?" Akatazama mlangoni, akatazama kikombe kilichokuwa bado mikononi mwa Shangazi. Niliona uso wake ukibadilika, unahesabu, unakataa, unarudi. Akateleza kutoka kitini mpaka chini, akanyoosha mikono yote miwili, na safari hii hakuirudisha.

"Mumuite Papa arudi," akasema. "Munipe. Nitashika."

Mdogo wangu akasema, "Mama, hapana." Yeye hakumsikia. Alikuwa anamwangalia Shangazi tu.

"Nitashika, dada yangu. Kifo kinihamie, hakuna neno. Nisikie sauti yake tu. Munipe!"

Shangazi akamwaga maji yote chini, na yule mama akainama haraka akijaribu kuyazuia kwa viganja vyake.